Maji ya Mdomoni

Kama kuna jambo ambalo Zarkhatun hakujaliwa, ni kunyamaza. Marehemu mumewe, Kheirollah, alikuwa akisema kwamba hakukaa Kuwait miaka kumi na minane kwa sababu ya pesa peke yake, bali pia ili masikio yapate kupumzika. Alisema kwa utani, na kila aliporudi alikuja na shali mpya. Kisha mwaka mmoja shali ikaja bila yeye, imekunjwa pamoja na nguo zake na akiba yake, na barua ya wenzake watatu walioshuhudia maziko.

Mwanamke mwingine angenunua mbuzi. Zarkhatun alisema atajenga birika.

Katika nchi yao kavu ya Larestan, ng'ambo ya bahari kutoka Kuwait, mtu akitaka kumfaa maiti wake hamjengei kaburi la fahari, humjengea birika. Ni shimo la duara lenye kuta za mawe zilizosiribwa saruji, na ngazi ya kushukia, na kuba juu ili jua lisiyaone maji. Mvua za baridi zikishusha mafuriko bondeni, mfereji huyaingiza humo, na watu hunywa mwaka mzima huku wakimrehemu aliyelala. Visima vipo, ila maji yake ni ya chumvi, ya kufulia nguo na kunyweshea ngamia.

Mji wa Kelat ulikuwa na birika moja tu zima, nalo lilikuwa mtaa wa juu. Alilijenga baba yake Haji Mokhtar akaliweka wakfu, na juu ya mlango akachongesha kwenye jiwe: Anywe mwenye kiu, asizuiwe. Haji Mokhtar, aliyerithi usimamizi, hakulifuta jiwe. Alichofanya ni kuongeza desturi yake mwenyewe. Kunywa pale pale ngazini ni bure, lakini anayetaka kujaza mtungi aende nao nyumbani, nyumba yake itoe mtu mmoja, siku moja kila juma, akafanye kazi kwenye mitende ya Haji. Watu waliiita Siku ya Haji. Watoto wa mtaa wa chini waliijua kabla ya kuijua Ijumaa.

Zarkhatun alikuwa ametoa siku hizo tangu alipokuwa bibi harusi. Alikuwa na haki ya kuchoka, na alikuwa amechoka hasa.

"Likijaa hili," aliwaambia majirani siku shimo lilipoanza kuchimbwa, "hakuna mtu wa mtaa wa chini atakayepanda tena mtende wa yule mzee kwa ajili ya mtungi wa maji. Nataka nilione hilo kabla sijafa."

"Na likivuja?" aliuliza Golandam, jirani yake, mama wa watoto wanne, ambaye alikuwa hawezi kuuliza kitu bila kucheka.

"Likivuja nicheke na wewe."

Fundi aliitwa Karamat, mzee mwenye mikono mipana na subira fupi. Saruji ilipikwa kwa namna ya zamani, udongo na samadi vilivyochomwa pamoja, chokaa, majivu, na wanaume kumi waliuponda ule mchanganyiko kwa marungu siku tatu mfululizo. Walisiriba kuta mwishoni mwa joto, mvua zikitazamiwa wakati wowote. Akiba ya Kheirollah iliishia pale. Kuba halikujengwa.

Karamat alinawa mikono akamwita Zarkhatun pembeni.

"Sikiliza, mama. Saruji hii bado iko hai. Siku arobaini isikauke. Ikikauka kabla ya hapo itapasuka, na ikipasuka umejenga kichujio."

"Mvua iko karibu, fundi."

"Mimi haijaniambia."

Haikumwambia mtu yeyote. Badala yake ulikuja upepo wa kusini, mkavu, wa kukausha hata mate. Zarkhatun na wanawake wa mtaa walizifunika kuta kwa mikeka ya makuti na magunia, na kila asubuhi kila nyumba ikatoa bakuli moja kutoka kwenye mtungi wake kulowesha mikeka. Watu waliokuwa wakigombana kwa ajili ya mfupa waliyatoa maji ya kunywa wakaupa ukuta. Wengine walitukana wakitoa, lakini walitoa. Hali ikaenda hivyo siku kumi.

Siku ya kumi na moja, Dadollah, mlinzi wa birika la juu, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Haji amesema, maji ya wakfu ni ya kunywa, si ya kukandia udongo. Kuanzia leo ni nusu mtungi kwa kila nyumba. Na nyumba itakayoonekana imepeleka hata kikombe kwenye lile shimo, isije tena hapa na chombo."

"Shimo?" Zarkhatun aliuliza.

"Yeye ndiye kaliita shimo. Mimi natumwa tu."

"Na mkeo, Dadollah, anachota wapi?"

"Hapa hapa. Na mimi natoa siku yangu kama nyie. Usinitie maneno, dada, nina watoto."

Nusu mtungi haikutosha hata kupika na kunywa. Siku ile hakuna aliyeleta bakuli, na Zarkhatun hakuweza kumlaumu mtu. Alishuka shimoni jioni akapapasa mikeka. Ilikuwa imeanza kukakamaa. Akaweka sikio ukutani, akadhani anasikia vitu vidogo vidogo vikilia ndani yake.

Hapo ndipo alipofanya ujinga ambao mtoto wa miaka mitano wa Kelat asingeufanya. Alfajiri alikwenda kisimani, akateka kiriba cha maji ya chumvi, akakimwaga kwenye kipande cha ukuta karibu na ngazi. Alijua. Alijiambia ni kidogo tu, ni cha kusogeza siku. Baada ya siku mbili kipande kile kilitoa unga mweupe, na Karamat alipokigusa kwa kidole, saruji ikapukutika chini.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe! Umezaliwa hapa, umezeekea hapa, unaupa ukuta maji ya kisima?"

"Ukuta ulikuwa unanililia, fundi."

"Ukuta haulii. Unapasuka." Alikwangua eneo la upana wa mlango mpaka kwenye mawe, akalisiriba upya kwa saruji ya mwisho iliyobaki kwenye beseni. Alifanya kazi bila kumtazama. Alipomaliza alisema, "Kesho jioni kama hakuna maji matamu kwenye mikeka hii, niite nije nichukue vifaa vyangu."

Zarkhatun hakulala vizuri, na asubuhi alipanda kwenda birika la juu bila mtungi. Alikwenda kugombana. Hakuwa na mpango mwingine wowote, na mtu asije akamsingizia kwamba alikuwa nao.

Dadollah alikuwa amekaa kwenye kizingiti akila mkate mwembamba uliopakwa mchuzi wa samaki.

"Karibu, dada. Umekuja kunywa?"

"Nimekuja kukuuliza kama Haji ana mama."

"Alikuwa naye."

"Hakumfundisha kitu?"

"Zarkhatun, mimi nakuheshimu," alisema Dadollah, akifuta vidole. "Lakini Haji jana alisema mbele za watu kwamba mwanamke akishika kazi ya kujenga, hata mvua inaona aibu kuja. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, sikufichi."

Damu ilimpanda. Alishuka ngazi mpaka majini, akachukua bakuli la shaba, akajaza mdomo mpaka mashavu yakamtoka, akapanda juu akiwa na nia moja tu, ya kuutemea uso wa Dadollah maji yote. Dadollah aliliona lile linalokuja akafumba macho kabisa, mkate mkononi.

Zarkhatun alisimama mbele yake. Aliyasikia maji yale mdomoni, baridi, matamu, ya bure. Akautazama uso wa Dadollah, ndevu zenye mchuzi wa samaki, na akaona kwamba hayo yangekuwa matumizi mabaya.

Aligeuka akaondoka.

Kutoka birika la juu mpaka shimo lake ni hatua kama mia tatu, na njia inapita sokoni. Watu walimsalimia, hakujibu. Muuza tende alimuuliza afya, hakujibu. Walidhani kuna msiba. Alishuka ngazi zake, akasimama mbele ya kipande kile kipya cha ukuta, akafunua mkeka, akayapuliza maji kwa meno kama apigaye pasi anavyonyunyizia nguo. Saruji ikageuka rangi, ikawa nyeusi. Ilikuwa duara ndogo ya ukubwa wa sinia.

Akacheka peke yake shimoni. Kisha akapanda mbio kwenda kumgongea Golandam.

"Kunywa pale ngazini ni bure?" alimuuliza.

"Bure. Kwa nini?"

"Kuna mtu anayepima umekunywa kiasi gani?"

"Hakuna."

"Kuna sheria inayosema ukinywa lazima umeze?"

Golandam alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Ewe mama! Mimi siwezi. Mimi nikikutazama tu nitayatapika njiani."

"Basi usinitazame."

Siku ile walikwenda wanawake saba. Ya pili walikwenda thelathini. Ya tatu walikwenda wote wenye miguu, na watoto wao, na wazee wawili waliosema wao si wanawake lakini midomo wanayo. Walipanda mikono mitupu, wakanywa, wakashuka mashavu yamevimba, wakatema kwenye mikeka, wakapanda tena. Kutwa nzima njia ilikuwa na msururu wa watu wasiosema neno.

Mtaa wa juu ulifurahi sana. Ni lini tena watapata nafasi ya kumtania Zarkhatun asiweze kujibu?

"Salaamu alaykum, Bibi Zarkhatun! Leo unatuonyesha adabu?"

"Usimjibishe, atamwaga!"

"Haya nani atakunywa kwenye birika lililotemewa mate na mtaa mzima?"

Hilo lilimchoma. Alitembea nalo mpaka shimoni, akatema, akarudi mbio mpaka pale sokoni kwa muuza tende aliyelisema. "Wewe! Mama yako alikutafunia mkate mpaka meno yakakuota. Ulikula mate yake miaka miwili, na tazama ulivyonenepa!" Kisha akaenda zake kujaza mdomo. Golandam aliyekuwa akipita na yake mdomoni alipasuka kicheko, maji yakamtoka mpaka puani, ikabidi arudi mwanzo.

Kiu waliiona. Hakuna jambo baya kama kushika maji mdomoni kwenye upepo ule, ulimi umelowa na koo limekauka, na usimeze. Watoto walimeza, wakasamehewa. Zarkhatun hakumeza hata tone. Usiku alikunywa sehemu yake ya nusu mtungi kama wengine, lakini yale ya njiani aliyaona ni mali ya ukuta, na alikuwa mkali kwa nafsi yake kuliko alivyokuwa kwa muuza tende.

Siku ya ishirini na tisa Haji Mokhtar alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni pa birika, kanzu safi, fimbo mkononi. Mtu mrefu, mpole wa sauti. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomfanya aogopwe.

"Baba yangu aliwapa maji mnywe," alisema. "Sizuii mtu. Lakini anayekunywa humshukuru Mungu. Kila mmoja akishakunywa, kabla hajavuka kizingiti hiki, Dadollah amsikie akisema alhamdulillahi. Ni kitu kikubwa hicho?"

Msururu ukasimama. Ilikuwa Siku ya Haji kwa nyumba nyingi, na wanaume wa mtaa wa chini walikuwa wakipita na majembe begani kwenda kwenye mitende. Nao wakasimama kutazama. Zarkhatun alikuwa ngazini chini kabisa, mdomo umejaa. Aliyasikia yote. Kwa mara ya kwanza tangu aanze, alitaka kukaa chini alie.

Aliyekuwa mbele ya msururu alikuwa Bibi Sanam. Huyu alikuwa na miaka themanini, na alizaliwa bubu. Alipanda ngazi polepole, mashavu yamemjaa, akafika kizingitini, akasimama mbele ya Dadollah, akamtazama.

"Sema alhamdulillahi, bibi," alisema Dadollah, na papo hapo akaona alichokisema.

Mmoja wa wale wenye majembe alicheka. Wa pili akadakia. Bibi Sanam aliinua kidole kimoja mbinguni, akakishusha, akavuka kizingiti. Nani angemzuia?

Nyuma yake alikuwa Golandam. Alifika mbele ya Dadollah, akagusa midomo yake kwa kidole, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Kisha akainua kidole mbinguni.

"Golandam, wewe si bubu," alisema Dadollah. "Jana ulinitukana."

Golandam akatikisa kichwa tena. Machozi ya kicheko yalimtoka lakini mdomo haukufunguka, na huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko watoto wake wanne. Akapita. Na aliyefuata alikuwa bubu. Na wa nyuma yake bubu. Asubuhi ile mtaa wa chini uliingiwa na ububu kutoka mtoto mpaka kikongwe, na kila mmoja alimshukuru Mungu kwa kidole, kwa heshima zote, mbele ya msimamizi wa wakfu. Wanaume walikuwa wameegemea majembe wakipangusa macho. Hata Dadollah alikuwa akiuma shavu.

Zarkhatun alipofika, Haji alimwekea fimbo kifuani.

"Wewe sema."

Hakusema. Alimtazama tu, maji yakimgonga meno, na maneno yote aliyoyaweka tangu alipokuwa bibi harusi yamepanga foleni nyuma ya maji hayo. Aliinua kidole, lakini hakukielekeza mbinguni. Alikielekeza kwenye jiwe juu ya mlango, pale baba yake Haji alipoandikisha.

"Funga," Haji alimwambia Dadollah. Sauti yake sasa haikuwa ya upole. "Funga mlango. Hakuna kunywa leo."

Kicheko kilikatika. Dadollah alishika ubao wa mlango lakini hakuuvuta. Katika wale wenye majembe alitoka mtu mzima mmoja, shemeji yake Golandam, mtu asiyezoea kusema.

"Haji, samahani. Ukifunga wewe, na sisi tumefunga."

Akalilaza jembe lake chini. Mwingine akalilaza la kwake. Hawakupiga kelele wala kutukana, walikuwa tu wakiinama na kuinuka. Yalikuwa majembe kama arobaini, na tende za mwaka unaokuja zilikuwa zikingojea mitende isafishwe.

Haji aliyahesabu majembe kwa macho. Kisha akaondoa fimbo kifuani pa Zarkhatun akaenda zake nyumbani, na mlango ukabaki wazi. Zarkhatun akashuka na maji yake mpaka shimoni.

Mvua ilikuja siku ya arobaini na tatu, mchana, kutoka upande wa milima. Bonde liliunguruma. Mtaa wote ulikimbilia kwenye lango la mfereji, na Zarkhatun akalikalia lile lango kwa makalio yake.

"Fungua! Fungua, mama, yanapita!"

"Yapite! Haya ya kwanza yana mavi ya mbuzi ya mwaka mzima. Mnataka nimnyweshe Kheirollah mavi?"

"Na yasipokuja mengine?"

"Yatakuja!" Hakujua kama yatakuja. Alikuwa akitetemeka chini ya shali iliyoloa, na watu wakimlilia, na maji meusi yenye majani na vinyesi yakipita mbele ya macho yake kwenda jangwani. Alingoja mpaka rangi ilipofifia, mpaka alipoona kokoto chini. Ndipo alipoinuka. Maji yakaingia yakigonga kuta zile, usiku ukaingia na bado yalikuwa yakiingia.

Asubuhi Karamat alishuka ngazi akapiga alama ya mkaa ukutani pale maji yalipoishia, akatandika mikeka juu ya shimo kuzuia jua.

"Siku saba," alisema. "Mtu asichote. Yakishuka zaidi ya upana wa kidole, linavuja."

Hizo siku saba zilikuwa ndefu kuliko zile arobaini. Siku ya saba walikusanyika tangu jua halijachomoza. Karamat alishuka peke yake. Alikaa huko chini kiasi cha kuwafanya watu wachukie. Kisha sauti yake ikapanda.

"Zarkhatun! Maji yameshuka nusu kidole tu chini ya alama. Shuka unywe."

Alishuka. Alichota kwa bakuli, akajaza mdomo, akasimama vile vile alivyozoea, mashavu yamevimba, hajui afanye nini nayo. Golandam alipiga kelele kutoka juu, "Meza, mama! Meza!" Akameza. Akakaa kwenye ngazi akalia kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Dadollah alifika jua likiwa limepanda, amekuja kwa miguu, jasho linamtiririka. Alisimama kando akingoja kelele zipungue.

"Nimetumwa," alisema. "Haji anasema birika bila kuba ni bwawa la mifugo. Jua litayanywa kabla ya nyinyi. Yeye atajenga kuba, mawe yake, mafundi wake, gharama zote. Anataka jiwe moja tu mlangoni lenye jina lake, na usimamizi uwe wake."

Watu waliitazama mikeka iliyofunika shimo, kwa sababu kuba walilihitaji kweli, na pesa hakuna aliyekuwa nazo. Karamat alitazama pembeni. Golandam hakucheka.

Zarkhatun alijifuta uso kwa ncha ya shali. Akachota bakuli, likajaa mpaka likamwagika, akapanda nalo akampa Dadollah.

"Umetembea juani. Kunywa."

Dadollah alisita, akatazama nyuma njiani, kisha akanywa. Alikunywa lote, akarudisha bakuli, akapewa la pili.

"Matamu," alisema, akijifuta ndevu. "Sasa Haji nimwambie nini?"

"Mwambie umekunywa. Akikuuliza umetoa siku ngapi kwa maji haya, mwambie hata moja."